Droni yangu inaruhusiwa kwenda umbali gani? Mwongozo kwa tunaorusha Marekani

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, swali ni lile lile. "Kaka, nimenunua droni. Boksi linasema inafika kilomita 10. Kisheria niipeleke mpaka wapi?" Jibu langu huwaudhi wengi: mpaka pale macho yako yanapoishia. Sheria ya Marekani haikutaja maili wala kilomita. Zile kilomita 10 za kwenye boksi ni uwezo wa redio iliyomo ndani ya rimoti, na mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, haina habari nazo.

Mimi naishi Minnesota, napiga picha za harusi na sherehe za jamii zetu, na leseni ya droni ninayo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, ndiyo maana nimeketi kuandika. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, zote zinazofuata zitakupotosha.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Droni yenyewe, pamoja na mizani ya jikoni. Ipime kama itakavyoruka: betri ndani, propela zote, kadi ya memori, na vikinga vya propela kama unavitumia.
- Barua pepe, kadi ya benki na dola 5.
- Simu yenye programu ya ramani ya anga. Huduma inaitwa B4UFLY, inatolewa bure na kampuni kadhaa zilizoidhinishwa na FAA. Chagua moja.
- Lebo ndogo, au kalamu ya wino usiofutika.
- Betri zilizojaa: ya droni, ya rimoti na ya simu. Simu ndiyo husahaulika.
- Mtu wa pili wa kukusaidia kuangalia. Mtoto wa miaka 15 anayejua kunyamaza anafaa kuliko mtu mzima anayetaka kujaribu rimoti.

Mizani usiidharau. Mpaka ni gramu 250, na droni ndogo nyingi zimetengenezwa zikae gramu 249 kwa makusudi. Ukiipachika betri ile kubwa inayouzwa pembeni ili iruke muda mrefu, umeshavuka, na umeingia kwenye kundi lingine la sheria bila kujua.

Hatua ya 1: Jiulize picha ni za nani

Njia ziko mbili. Moja ni ya kujifurahisha. Nyingine ni ya kazi, inayoitwa Part 107, iliyoanza kutumika Agosti 2016.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa sababu tunadhani mpaka ni pesa: nisipolipwa, basi najifurahisha. Sivyo. FAA wenyewe hutoa mfano wa mtu anayepiga picha mechi ya shule kwa ajili ya tovuti ya shule. Hata kama hapewi senti, hajifurahishi, yuko Part 107. Kwa hiyo mchungaji akikuomba upige ibada ya nje kutoka juu iwekwe kwenye ukurasa wa kanisa, uko Part 107. Ukikagua paa la shemeji yako baada ya mvua ya mawe, uko Part 107. Na binamu akikwambia "wewe njoo tu na mashine yako, pilau ipo", hiyo pilau haikuokoi.

Kujifurahisha ni kurusha kwa raha yako mwenyewe: ziwani, mbugani siku ya mapumziko, picha za kukaa kwenye simu yako. Ukiwa na shaka uko upande gani, jihesabu Part 107.

Hatua ya 2: Fanya mtihani unaokuhusu

*Wa kujifurahisha:* mtihani unaitwa TRUST. Uko mtandaoni, ni bure, nusu saa inatosha. Huwezi kuufeli, maana ukikosea swali unaelezwa na kurudia. Ukimaliza utapata cheti. Kipakue hapo hapo na ukipige picha, kwa sababu waliokufanyisha mtihani hawakihifadhi. Kikipotea, unaanza upya.

*Wa Part 107:* huu ni mtihani wa kweli. Lazima uwe umefikisha miaka 16 na unajua Kiingereza cha kusoma, kuandika na kuzungumza. Si lazima uwe raia. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa FAA unaoitwa IACRA, unapewa namba yako, halafu unaweka siku kwenye kituo cha mtihani. Ada ni dola 175, maswali 60, saa 2, na unatakiwa kupata asilimia 70. Ukifeli, ngoja siku 14, ulipe tena. Ukifaulu, rudi IACRA ukaombe cheti chenyewe. Wapo watu waliofaulu wakakaa miezi wakidhani leseni itawafuata nyumbani. Baada ya hapo kila miezi 24 unafanya mafunzo ya kujikumbusha mtandaoni, bure.

Sehemu inayowatoa watu jasho ni kusoma ramani za marubani na taarifa za hali ya hewa. Anza na hizo. Maswali ya sheria utayameza kwa wiki moja.

Hatua ya 3: Sajili

Ingia FAA DroneZone. Angalia anwani iishie na *.gov*, kwa sababu ziko tovuti zinazojipamba zifanane nayo na kukutoza mara kadhaa ya ada halisi, ambayo ni dola 5 kwa miaka 3.

Anayejifurahisha husajili kama droni yake ina gramu 250 au zaidi, na namba moja inatosha droni zake zote. Wa Part 107 husajili kila droni peke yake, dola 5 kila moja, hata iwe nyepesi kama ndege shomoro. Umri wa kusajili ni kuanzia miaka 13. Kama si raia wala mkaazi wa kudumu, bado unasajili; kwako cheti kinahesabiwa kuwa uthibitisho kwamba droni ni yako.

Namba utakayopewa inaanza na FA. Iandike nje ya droni, mahali inapoonekana bila kufungua kitu. Kuificha ndani ya chumba cha betri kuliruhusiwa zamani, sasa hakuruhusiwi.

Kurusha bila kusajili si mchezo. Faini ya kiraia inafika dola 27,500, na kesi ya jinai inaweza kwenda mpaka dola 250,000 na kifungo cha miaka 3. Wengi hawafikishwi huko, lakini dola 5 ni bei ya chai na andazi.

Hatua ya 4: Hakikisha droni inajitambulisha

Droni yoyote inayotakiwa kusajiliwa lazima itangaze angani namba yake, mahali ilipo, na mahali rimoti ilipo au droni iliporukia. Mfumo huu unaitwa Remote ID, na FAA ilianza kuusimamia kwa adhabu Machi 2024. Droni mpya nyingi zinao ndani. Ya zamani unainunulia kifaa kidogo cha kubandika.

Kosa la kawaida: droni inao, lakini mwenyewe hakuingiza namba yake ya utambulisho kwenye DroneZone. Ingia kwenye usajili wako na uijaze.

Wenye wasiwasi kwamba jirani ataona jina lao: haoni. Mwenye simu karibu anaweza kuona namba na mahali ulipo. Jina na anwani ni la FAA na polisi. Lakini huyo jirani anaweza kukufuata mpaka uliposimama, kwa hiyo usirushe ukiwa umejificha nyuma ya gereji ukidhani hakuna ajuaye.

Hatua ya 5: Fungua ramani kabla ya kufungua begi

Weka mahali unapotaka kurusha kwenye B4UFLY. Unatafuta mambo matatu.

*Anga ya viwanja vya ndege.* Anga imegawanywa kwa madaraja ya herufi. Ya daraja la G haihitaji ruhusa. B, C, D na E inayoanzia ardhini zinahitaji. Hapa kwetu Brooklyn Park, ambako Wakenya tumejaa, watu husema "uwanja wa ndege uko mbali kule Bloomington". Wamesahau kiwanja kidogo cha Crystal kilicho pale pale mlangoni, chenye mnara wake wa kuongozea ndege. Usikadirie kwa kusikiliza ngurumo. Tazama ramani.

Ukiambiwa habari ya kupiga simu mnarani ukiwa ndani ya maili 5, huyo anakupa sheria ya zamani. Ilifutwa na sheria ya 2018, na kilichoiziba nafasi yake kiko hatua ya 6.

*Makatazo ya muda.* Viwanja vya michezo vyenye viti 30,000 na zaidi, kukiwa na mechi ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani), besiboli ya ligi kuu, futiboli ya vyuo vikuu vya daraja la juu au mbio kubwa za magari: hakuna kurusha ndani ya maili 3 za baharini, kuanzia saa moja kabla mpaka saa moja baada ya mchezo. Moto wa msituni nao hufunga anga. Ziara ya rais vilevile. Haya hubadilika kwa saa, kwa hiyo ramani uliyoiona jana usiku haina kazi leo mchana.

*Makatazo ya kudumu.* Hifadhi za taifa zimefungwa kwa droni tangu 2014: usiruke wala kutua ndani yake. Na ndugu zangu wa Silver Spring, Arlington na Alexandria, poleni: maili 15 kuzunguka uwanja wa Reagan jijini Washington ni marufuku kabisa bila kibali maalumu. Kati ya maili 15 na 30 unaweza, kwa masharti. New York nako huwezi kuruka wala kutua mjini bila kibali cha polisi wa jiji. Bustani nyingi za miji zina kanuni zao za kupaa na kutua, soma kibao cha getini.

Onyo: usitegemee droni ikukataze. Zamani droni za DJI ziligoma zenyewe kupaa karibu na viwanja vikubwa. Tangu Januari 2025 hapa Marekani zinakuonya tu, na ukibonyeza kukubali zinapaa. Kosa ni lako.

Hatua ya 6: Omba ruhusa ya anga

Kama uko kwenye anga inayohitaji ruhusa, tumia mfumo wa LAANC, wenyewe huutamka "lansi". Uko ndani ya programu hizo hizo za ramani. Utaona vimraba vyenye namba, kuanzia 0 mpaka 400. Hiyo ni futi ambazo unaweza kuruhusiwa papo hapo. Jaza saa, mahali, urefu usiozidi namba ya kimraba, tuma. Jibu kwa kawaida huja ndani ya sekunde chache. Wa kujifurahisha na wa Part 107 wote wanautumia.

Kimraba cha 0 maana yake hakuna ruhusa ya papo hapo. Usijidanganye kwamba futi 5 haziwezi kumdhuru mtu. Pale ndipo ndege zinaposhuka.

Hatua ya 7: Pima jicho lako

Sasa tumefika kwenye swali lenyewe. Sheria inataka rubani aione droni kwa macho yake wakati wote. Miwani ya kawaida inakubaliwa, darubini haihesabiki, na kioo cha rimoti hakihesabiki hata kikiwa kikubwa kama televisheni. Tena kuona kwenyewe si kuona kidoa. Unatakiwa ujue iko wapi, iko juu kiasi gani, inaelekea upande gani, na kama kuna ndege nyingine inayokuja upande wake.

Fanya zoezi hili mara moja, mahali pa wazi pasipo na watu, kwenye anga isiyohitaji ruhusa:

1. Paisha droni futi 100, isogeze mbele yako mita 100. Umbali unausoma kwenye kioo.
2. Msaidizi aendelee kuitazama. Wewe geuza uso, izungushe droni hapo hapo ilipo kwa sekunde mbili tatu, halafu uachie.
3. Iangalie. Sema kwa sauti pua yake imeelekea wapi. Thibitisha kwenye kioo.
4. Ukipatia, isogeze mita 50 zaidi na urudie.
5. Ukikosea mara mbili mfululizo, toa mita 50 kwenye umbali uliopo. Huo ndio umbali wako kwa droni hiyo, kwa mwanga wa siku hiyo.

Wangu, kwa droni ndogo ya kijivu, ni mita 250 anga ikiwa ya bluu. Mawingu yakitanda ninabaki na 150, kwa sababu kijivu kinamezwa na kijivu. Nikibandika taa ndogo inayomweka ninapata kidogo zaidi. Linganisha na kilomita 10 za kwenye boksi.

Msaidizi hakuongezei umbali. Anakusaidia kuchunga anga wakati wewe unatazama kamera, na ni lazima awepo pembeni yako kama unarusha kwa miwani ya video. Lakini kumweka binamu wa kwanza hapa, wa pili maili moja mbele, mpokezane droni kwa simu, hiyo sheria haijui.

Kama unaona nakaza kamba sana, kumbuka Septemba 21, 2017. Mtu mmoja wa Brooklyn, New York, alipeleka droni yake maili 2.5 juu ya maji akiifuata kwenye kioo cha tableti. Ikagonga helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk karibu na Staten Island. Helikopta ilitua salama, ubavu wa propela umebonyea, na kipande cha droni kimenasa ndani yake. Wachunguzi walimfikia mwenyewe kwa namba iliyokuwa kwenye kipande hicho. Mpaka wanampigia simu, alikuwa akidhani betri iliisha ikatumbukia majini.

Na Januari 2025, Los Angeles ikiwaka, mwingine alipaisha droni kutoka juu ya jengo la maegesho Santa Monica aone moto. Aliipeleka zaidi ya mita 2,500, ikampotea machoni, ikatoboa bawa la ndege ya kuzima moto tundu la inchi 3 kwa 6. Ndege hiyo ilisimamishwa wakati nyumba za watu zinateketea. Mwenye droni alikiri kosa mahakamani.

Hakuna kati yao aliyekusudia ubaya. Wote wawili walikuwa wanaangalia kioo.

Hatua ya 8: Weka kikomo cha urefu

Kwenye anga ya wazi mwisho ni futi 400 kutoka ardhini, kama mita 120. Ingia kwenye mipangilio ya droni uweke kikomo hicho leo.

Kuna mtego. Namba ya urefu kwenye kioo hupimwa kutoka uliporukia, haipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukisimama Skyline Parkway kule Duluth, barabara inayopita mlimani juu ya mji, ukapaisha futi 300 na kuisogeza kuelekea Ziwa Superior, kioo kitaendelea kusema 300 huku ardhi imeshatoroka chini. Umevunja sheria bila kugusa kijiti cha kupanda. Ukirukia mlimani, shuka pamoja na mteremko.

Wa Part 107 wana ruhusa moja ya ziada: ukiwa ndani ya futi 400 kutoka kwenye mnara au jengo refu, unaweza kupanda mpaka futi 400 juu ya ncha yake. Wa kujifurahisha hana hiyo.

Hatua ya 9: Watu, magari na glasi ya shampeni

Aliyesoma kanuni za Kenya ataniuliza habari ya mita 50 kutoka kwa watu. Marekani sheria ya jumla haina kipimo hicho cha pembeni. Inachokataza Part 107 ni kuwa *juu* ya mtu, isipokuwa ni wa kikosi chako cha kurusha, au yuko chini ya paa au ndani ya gari lililosimama. Bwana na bibi harusi hawamo kwenye kikosi chako. Wageni waliopanga mduara wa moyo kwenye nyasi hawamo. Simama kando, inua kamera, piga kwa mshazari. Picha huwa nzuri zaidi, nyuso zinaonekana badala ya vilemba.

"Lakini yangu ni gramu 249." Ndiyo, na uzito peke yake hautoshi. Kuruka juu ya watu kwa kundi hilo jepesi kunadai pia propela zisiwe wazi kiasi cha kumchana mtu ngozi. Ukivika vikinga, pima upya, maana uzito wake unahesabiwa. Wa kujifurahisha naye anatakiwa kufuata miongozo ya usalama ya chama cha marubani kinachotambuliwa na FAA, na miongozo hiyo haitaki urushe juu ya watu wasiohusika.

Kipimo changu mwenyewe: futi nilizopanda ndizo futi ninazokaa mbali na watu. Niko juu 80, nakaa pembeni 80. Droni ikizimika haianguki wima kama nazi, huendelea na mwendo iliokuwa nao.

Msafara wa harusi: usirushe ukiwa umekaa ndani ya gari linalotembea mjini, na usiifanye droni ifuatane na magari ikiwa juu yake. Pombe: Part 107 inakataza kurusha ndani ya saa 8 tangu ulipokunywa, hata ikiwa glasi moja ya kuwatakia heri maharusi. Maliza kazi kwanza.

Usiku unaruhusiwa kwa Part 107 kama droni ina taa ya kumweka inayoonekana maili 3. Zile taa ndogo za kijani na nyekundu zilizokuja nayo hazifiki huko. Nunua ya kubandika.

Hatua ya 10: Dakika mbili kabla ya kupaa

Kagua propela kwa kidole, ukihisi ufa tupa. Ngoja setilaiti zishike na droni iseme imehifadhi mahali pa kurudi. Kisha weka urefu wa kurudi nyumbani. Tafuta mti au nguzo ndefu kuliko zote hapo, ongeza futi 30, bila kuvuka kikomo chako cha anga.

Mimi hilo la mwisho nililijua kwa hasara. Droni yangu ya kwanza nilikuwa nimeiacha na urefu wa kiwandani. Mawimbi yakakatika, ikageuka yenyewe kurudi nyumbani kwa utiifu wote, ikaingia katikati ya mwaloni. Niliisikia propela zikikata majani, halafu kimya. Majani yalipopukutika Oktoba niliiona, iko juu bado, imening'inia kwa mguu mmoja.

Ukikwama

*Imenipotea machoni.* Achia vijiti, itasimama. Usihangaike kuitafuta kwa kuizungusha huku na kule. Tazama mshale kwenye ramani, geuza pua ielekee kwako, irudishe taratibu. Isipoonekana, bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani.

*Helikopta imetokea ghafla.* Shusha mara moja, kisha fikiria. Za hospitali na polisi huruka chini. Wewe ndiye unayepisha, siku zote.

*Inalalamika kuhusu dira.* Umesimama juu ya zege lenye nondo, kifuniko cha mtaro au boneti ya gari. Sogea hatua 20 kwenye nyasi. Kusawazisha dira juu ya nondo kunaharibu zaidi.

*LAANC imekataa.* Mara nyingi urefu umezidi namba ya kimraba au duara lako limegusa kimraba cha jirani. Punguza vyote viwili. Kama kuna katazo la muda, rudi nyumbani.

*Betri imeshuka kutoka 60 mpaka 20 ghafla.* Baridi. Nyuzi 10 chini ya sifuri betri ya lithiamu hukudanganya. Ziweke ndani ya koti mpaka dakika ya kupaa, ikae hewani chini kwa dakika moja ipate joto, na uirudishe ikiwa na 40.

*Polisi amekuja.* Mwambie unatua kwanza, tua, halafu zungumza. Mwonyeshe namba ya usajili na cheti chako, TRUST au Part 107. Ndiyo maana nilisema cheti cha TRUST ukipige picha.

*Imemuumiza mtu au kuharibu mali.* Kwa Part 107, jeraha kubwa, mtu kuzimia, au hasara ya zaidi ya dola 500 kwa mali isiyo droni yenyewe: ripoti FAA ndani ya siku 10. Tangu 2024 faini ya kurusha kinyume cha usalama inaweza kufika dola 75,000 kwa kosa moja, na kunyamaza hakuipunguzi.

Ukienda nayo nyumbani

Vyeti vya Marekani haviendi popote. Kenya inataka kibali cha mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, kabla droni haijaingia nchini. Ukitua nayo mkononi bila karatasi, forodha wataibakiza. Kanuni zao za 2020 zinataka usizidi futi 400, ukae mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyokuhusu, na kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege. Tanzania nako kibali hutangulia, kwa mamlaka yao ya anga, TCAA. Anza kuomba kabla hujakata tiketi, maana wiki moja kabla ya safari ni kuchelewa.

Betri za akiba zipande nawe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende kwenye sanduku la chini ya ndege. Za chini ya wati-saa 100 hazihitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ziba vituo vyake vya umeme kwa utepe, kila moja kwenye mfuko wake, usizichanganye na funguo za nyumba.